Lenzi ya Jicho Ipi kwa Anga la Buyangu?

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa kikamilifu, na popote nchini Kenya ambapo mawingu hayakuziba, watu waliutazama ukigeuka rangi ya shaba bila chombo chochote mkononi. Tukio la namna hiyo huacha hamu. Mtoto anamuuliza mzazi kama ni kweli pete za Zohali zinaonekana. Mwalimu wa sayansi anataka kuanzisha klabu ya nyota. Mwongoza watalii anajiuliza wageni wake wataonyeshwa nini ndege wakishalala. Wote huishia kwenye tangazo lilelile: mrija mweupe juu ya tripodi nyembamba, lenzi tatu ndogo ndani ya boksi, na maandishi makubwa yanayoahidi kukuza vitu mara 525.

Hapo ndipo mkanganyiko huanza. Mmoja anashauri inunuliwe seti yenye kila kitu. Wa pili anataja lenzi moja yenye bei ya darubini nzima. Wa tatu anaapa kwa lenzi ya zumu. Wa nne anasema lenzi ziachwe kabisa, inunuliwe darubini ya macho mawili. Kila mmoja ana hoja, lakini sehemu kubwa ya ushauri huo imeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambao anga lao limekaa vingine na hewa yao ni nyingine. Uchambuzi huu unalipeleka swali Buyangu, Kaunti ya Kakamega, kwa sababu masharti ya kutazama nyota katika sehemu zetu zenye mvua yanaonekana pale waziwazi.

Lenzi ya jicho ni kile kipande kidogo kinachochomekwa mwisho wa darubini, pale mtazamaji anapoweka jicho. Kioo kikuu, au lenzi kuu, hukusanya mwanga na kuunda taswira. Lenzi ya jicho huikuza taswira hiyo. Kwa kuwa ni rahisi kuitoa na kuweka nyingine, ndiyo sehemu ya darubini inayouzwa kwa kelele nyingi zaidi.

Mahali penyewe

Buyangu ni upande wa kaskazini wa Msitu wa Kakamega, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, na tangu 1985 ni hifadhi ya taifa chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Wageni wengi huja kwa ajili ya ndege, vipepeo na kima, na hupanda Kilima cha Buyangu alfajiri kuona jua likichomoza upande wa milima ya Nandi. Usiku giza lake ni la thamani, kwani taa za mji wa Kakamega ziko mbali kiasi cha kuiacha Njia ya Maziwa ionekane vizuri.

Mambo matatu ya mahali hapa yanaamua karibu kila ununuzi. La kwanza ni ikweta. Buyangu iko takriban theluthi moja tu ya nyuzi kaskazini ya mstari huo, kwa hiyo ncha zote mbili za anga zimelala kwenye upeo wa macho. Kwa mwaka mzima makundi yote 88 ya nyota hupita hapo. Sayari, ambazo mtu wa London mara nyingi huziona zimeinama karibu na mapaa ya nyumba, huku hupita juu sana na pengine karibu kabisa na utosi. Nebula ya Orion, ile inayotafutwa na kila anayeanza, Desemba na Januari hupita nyuzi tano au sita tu kutoka utosini.

La pili ni unyevu. Msitu huu hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Miezi yenye nafuu ni Desemba hadi Februari, na hata katika miezi hiyo usiku wenye anga safi ndio usiku wenye umande mwingi.

La tatu ni miti. Aliyesimama kwenye uwazi kati ya miti mirefu huona anga la juu tu. Wingu Kubwa la Magellan, ambalo kwa Buyangu halipandi zaidi ya nyuzi 20 hivi, kwake halipo. Ataliona tu akiwa mahali palipoinuka kama kilimani, na kutembea usiku ndani ya hifadhi ni jambo la kupanga mapema na KWS pamoja na mwongozaji. Matokeo yake ni kwamba kazi nyingi hapa hufanyika jicho likielekezwa juu moja kwa moja, na vifaa vingi vya bei nafuu havikuundwa kwa mkao huo.

Namba 525 inatoka wapi

Ukuzaji hupatikana kwa hesabu moja: urefu wa fokasi wa darubini ugawanywe kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Mrija wa tangazo aghalabu una kipenyo cha milimita 60 na urefu wa fokasi wa milimita 700. Ndani ya boksi mna lenzi ya milimita 4, na 700 kwa 4 ni 175. Mna pia lenzi ya Barlow ya mara tatu, inayozidisha ukuzaji wa lenzi nyingine, na 175 mara tatu ni 525. Mrija wa milimita 900 kwa hesabu hiyohiyo hutoa 675, namba nyingine inayopendwa sana na wauzaji.

Hesabu ni sahihi na picha ni mbovu. Kila kipenyo kina kiasi cha mwanga na cha undani kinachoweza kukusanya, na kanuni inayokubalika na watazamaji ni kwamba ukuzaji wa maana haupiti mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Kwa mrija wa milimita 60 kikomo ni 120. Ukilazimisha 525, mwanga wote uliokusanywa hutandazwa hadi taswira inakuwa giza lenye ukungu, na mwale unaotoka kwenye lenzi kuingia jichoni unabaki na upana wa milimita 0.11. Mboni ya jicho gizani hufunguka milimita 6 au 7 kwa kijana. Tripodi nayo hutetemeka kila mkono unapogusa fokasi, na mtetemo huo nao hukuzwa mara 525.

Anayetaka kujua anachouziwa asome maandishi kwenye lenzi zenyewe. H20mm au H12.5mm humaanisha muundo wa Huygens, wa karne ya 17, wenye vioo viwili na uwanja mwembamba wa kuona. SR4mm ni wa ukoo wa Ramsden, wa karne ya 18, na tundu lake la kuchungulia ni dogo kiasi kwamba kope hugusa kioo. Miundo hiyo iliwafaa wanaastronomia waliokuwa na darubini ndefu mno. Kwenye mirija mifupi ya leo hailingani na kazi. Apime pia kipenyo cha shina. Milimita 31.7, yaani inchi moja na robo, ndicho kipimo cha kawaida duniani. Shina la milimita 24.5 humfunga mnunuzi, kwa kuwa lenzi nzuri za kipimo hicho karibu hazitengenezwi tena.

Kambi nne za lenzi

Ili kulinganisha kwa haki, tuchukue darubini moja ya kioo inayopatikana kwa wingi: kipenyo cha milimita 130, urefu wa fokasi milimita 650. Kikomo chake cha kanuni ni mara 260, ingawa hewa ya usiku wa kawaida humfanya mtazamaji asimame chini zaidi ya hapo.

Kambi ya kwanza husema: nunua seti nzima ya lenzi kwenye sanduku lake, pamoja na vichujio vya rangi. Faida yake ni kwamba mtu hupata hatua nyingi za ukuzaji kwa mkupuo mmoja, na ushuru, usafirishaji na VAT ya asilimia 16 hulipiwa mzigo mmoja. Kasoro ni kwamba nusu ya seti hulala sandukuni. Lenzi mbili zinazotoa ukuzaji wa 72 na 81 hazitofautiani machoni, na vichujio vya rangi kwenye kioo kidogo hupunguza mwanga kuliko vinavyoongeza undani. Sanduku lenyewe, lenye sponji laini ndani, ni makao mazuri ya kuvu, jambo ambalo nitalirudia.

Kambi ya pili, iliyo kongwe zaidi, husema: nunua Plössl mbili na Barlow moja ya mara mbili. Plössl ni muundo wa 1860 wa fundi wa Vienna, Georg Simon Plössl, wenye vioo vinne na uwanja wa takriban nyuzi 50. Ng'ambo lenzi moja huuzwa kwa kama dola 30 hadi 50. Kwa darubini yetu, ya milimita 30 hutoa ukuzaji wa 22, na ya milimita 10 hutoa 65. Barlow ikiongezwa zinapatikana pia 43 na 130. Hatua nne zilizopangika, kwa vipande vitatu. Mnunuzi aepuke tu jozi kama 20 na 10, ambapo Barlow huigeuza ya kwanza kuwa nakala ya ile ya pili.

Udhaifu wa Plössl ni nafasi ya jicho, yaani umbali ambao jicho linaweza kukaa na bado likaona uwanja mzima. Umbali huo ni kama asilimia 70 ya urefu wa fokasi. Ya milimita 10 inataka jicho likae milimita 7 kutoka kwenye kioo. Mvaaji miwani, anayehitaji kama milimita 15 au zaidi, ameachwa nje. Barlow hapa husaidia kwa njia ambayo watangazaji hawaitaji: humruhusu mtu apate ukuzaji mkubwa kwa lenzi ndefu yenye nafasi nzuri ya jicho. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sababu ya kuinunua.

Kambi ya tatu hutetea zumu ya milimita 8 hadi 24. Ukiwa na kundi la wageni ni kifaa cha kupendeza. Huhitaji kuchomoa lenzi gizani na kuiangusha kwenye nyasi zenye umande. Unazungusha tu shingo na Mshtarii inakua mbele ya macho. Kwa mwongoza watalii, hilo lina uzito. Lakini zumu nyingi za bei ya kati zina kasoro ya kimaumbile: uwanja wake hupungua hadi nyuzi 40 hivi kwenye milimita 24, yaani pale hasa unapotaka upana. Kwenye darubini yetu hiyo ni nyuzi moja na nusu za anga. Kilimia, chenye upana wa karibu nyuzi mbili, hakienei. Kwa Plössl ya milimita 32, yenye uwanja wa karibu nyuzi mbili na nusu za anga, kinaenea chote na giza la kukizunguka, na ni giza hilo linalokifanya kipendeze.

Kambi ya nne ni ya lenzi pana. Mnamo miaka ya mwanzo ya 1980 Mmarekani Al Nagler na kampuni yake ya Tele Vue walileta lenzi za nyuzi 82, na tangu hapo zimekuja za 68, 76, hata 100. Anayechungulia humo huhisi ukingo umetoweka. Bei nayo hupanda, na lenzi ya nyuzi 82 ya chapa maarufu hupita dola 300. Za bei rahisi zipo, lakini kwenye mirija mifupi ambayo urefu wa fokasi ni mara tano tu ya kipenyo, nyota za pembeni hugeuka vistari na mabawa. Katikati ni safi. Ukingo ni wa kuvumiliwa.

Foleni na mzunguko wa dunia

Swali la upana huonekana la anasa mpaka pale watoto thelathini wanapopanga foleni. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo kitu kilicho karibu na ikweta ya anga husogea nyuzi moja kila dakika nne. Sayari zote hukaa katika eneo hilo. Kwa ukuzaji wa 130 na Plössl ya kawaida, uwanja halisi ni nyuzi 0.38, na Zohali huuvuka kutoka ukingo hadi ukingo kwa kama sekunde 90. Mtoto wa kwanza akitumia sekunde 30 kutafuta pa kuweka jicho, wa pili ataona ikitoka, wa tatu ataona giza na kusema ameona. Kwa lenzi ya nyuzi 82, muda ni dakika mbili na nusu. Kwa Plössl ya milimita 10 na ukuzaji wa 65, ni zaidi ya dakika tatu, na pete za Zohali zinaonekana vizuri kabisa kwa ukuzaji huo.

Kwa hiyo anayefanya kazi na makundi, kama lifanyavyo shirika la The Travelling Telescope la Susan Murabana na mwenzake Chu Owen, ambalo hupeleka darubini hadi kwa watoto wa shule, ana njia tatu: lenzi pana, ukuzaji mdogo, au stendi yenye mota inayofuata nyota. Njia ya pili haina gharama yoyote. Inashangaza jinsi inavyodharauliwa, na sababu ni kwamba tumefundishwa na maboksi kuamini kwamba ukuzaji ndio uwezo. Mshtarii kwa ukuzaji wa 65 huonekana kubwa kuliko mwezi unavyoonekana kwa macho matupu. Mtoto akishaona miezi yake minne imepangwa mstari, hatakuuliza namba.

Umande na kuvu

Hapa ndipo ushauri wa ng'ambo unapotuacha zaidi. Kioo kilichoelekezwa kwenye anga safi hupoteza joto hadi kinakuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Kikivuka kiwango fulani, unyevu hugandama juu yake. Jangwani jambo hilo linaweza lisitokee usiku kucha. Kando ya msitu wenye unyevu mwingi laweza kutokea mapema jioni, na mtazamaji asiyejua hudhani darubini imeharibika au mawingu yameingia.

Si kila darubini huumia sawa. Zile fupi zenye kioo cha kufunika mbele, ambazo husifiwa kwa kubebeka, hulowa kwanza kabisa, kwa sababu kioo hicho kipo wazi mdomoni. Ya lenzi ina kikofia chake, hivyo huhimili muda. Ya kioo yenye mrija mzima huhimili zaidi, kwa kuwa kioo kikuu kimejificha chini kabisa. Kinacholowa ni kioo kidogo cha juu, kitafutio, yaani kile cha kulengea nyota, na lenzi ya jicho. Ile ya mrija unaokunjuka, ambayo huacha sehemu ya juu wazi, imejinyima kinga hiyo, na atakayeinunua aizungushie kitambaa kizito cheusi.

Kinga ya bei nafuu ni kikofia cha godoro jembamba la sponji kilichoviringishwa mdomoni, chenye urefu wa mara moja na nusu au mbili za kipenyo. Hakizuii umande, kinauchelewesha, na mara nyingi kuchelewesha kunatosha. Kinga ya kweli ni mkanda wa joto unaoendeshwa na betri ya volti 12 au pawabenki. Lenzi za jicho zisizotumika zikae mfukoni mwa koti, si juu ya meza. Joto la mwili huzilinda bure. Na asifute mtu kioo kilicholowa kwa shati. Vumbi la barabara ya murram na masizi ya mashamba ya miwa yanayochomwa huwa juu yake, na kufuta ni kusugua kwa msasa.

Kuvu ni adui mpole zaidi na mbaya zaidi. Lenzi ikifungwa ndani ya sanduku ikiwa bado na unyevu, baada ya miezi michache nyuzi kama za utando wa buibui hutanda kati ya vioo, na asidi yake hula kotingi, ile kinga nyembamba ya juu ya kioo. Hakuna usafi utakaoirudisha. Kinga ni nidhamu na silika jeli: kifaa kikaushwe ndani ya nyumba kikiwa wazi, kisha kiwekwe ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na punje za silika. Punje zikibadilika rangi zimeshiba maji, na zinaweza kukaushwa upya kwa moto mdogo kwenye sufuria isiyopikiwa chakula. Gharama yote haifiki bei ya Plössl moja. Kama kuna kifaa kimoja ambacho kila mnunuzi wa sehemu hizi anakihitaji na karibu hakuna tangazo linalokitaja, ni hiyo ndoo.

Utosi wa anga

Nyota zikiwa juu ya kichwa, stendi na kitafutio huwa muhimu kuliko lenzi. Stendi ya ikweta, ile yenye uzito wa kusawazisha, hufanya kazi kwa kuelekeza mhimili wake kwenye ncha ya anga. Uingereza mhimili huo huinuka nyuzi 50 na zaidi. Buyangu unatakiwa ulale karibu mlalo kabisa. Stendi nyingi za bei ya kawaida hazishuki chini ya nyuzi 15 au 20, na zinazoshuka, uzito wake hugonga mguu wa tripodi. Nyota ya Kaskazini, ambayo maelekezo yote huanza nayo, imezama kwenye upeo nyuma ya miti. Nguvu ya stendi hiyo kwa mpiga picha wa Ulaya ni ya kweli. Kwa anayeanza Buyangu ni mzigo. Stendi sahili ya juu-chini na kushoto-kulia, hasa ya Dobson inayokaa chini kama meza, inafaa zaidi, japo nayo ni ngumu kidogo kuisukuma kitu kikiwa utosini kamili. Dawa ni kusubiri nusu saa: utosi hauna kinachokaa.

Kwa kitafutio, kile chenye nukta nyekundu ni rahisi kueleweka na hutumia betri ya duara ya CR2032, ileile ya kompyuta. Lakini kukichungulia darubini ikitazama juu ni kuweka shavu chini ya mrija na shingo katika mateso. Kitafutio chenye prizimu ya pembe mraba humwezesha mtu kuangalia kwa ubavu. Mwenye darubini ya lenzi anahitaji pia kipinda mwanga cha nyuzi 90. Kile cha nyuzi 45, kinachokuja na nyingi kwa sababu huonyesha mandhari ya ardhini bila kupindua, humlazimisha mtazamaji wa utosi kupiga magoti.

Mwenye darubini ya kioo ajue pia kwamba safari ya bodaboda hadi Buyangu huvihamisha vioo kutoka kwenye mstari wake. Kifuniko kidogo chenye tundu katikati kinatosha kuvirekebisha. Kifaa cha leza cha kazi hiyo kinaonekana cha kisasa zaidi, lakini cha bei rahisi mara nyingi chenyewe hakijanyooka, na humfanya mtu aharibu kwa uhakika.

Vichujio, na kile cha jua

Kichujio cha mwezi hupunguza mng'ao na hakina madhara. Ukuzaji ukiongezwa, mng'ao hupungua wenyewe. Vile vinavyouzwa kuzuia mwanga wa mji havina kazi Buyangu, na hata mjini taa za LED zimevishinda, kwa kuwa mwanga wake umesambaa kwenye rangi nyingi. Vichujio vya nebula vinasaidia kweli mahali penye giza, lakini ni ghali, na huja baada ya mtu kujua anachokitafuta.

Kimoja kinahitaji maneno makali. Seti nyingi za bei ya chini huja na kioo kidogo cheusi au cha kijani kilichoandikwa SUN, cha kufungwa chini ya lenzi ya jicho. Hapo mwanga wote wa jua umekwisha kukusanywa na kioo kikuu, na joto lake linaweza kukipasua kioo hicho ghafla jicho likiwa pale. Hakuna muda wa kupepesa. Kitupwe siku ileile boksi linapofunguliwa, kabla mtoto hajakiona. Kichujio salama cha jua hufunika mdomo wote wa mbele wa darubini, hukaguliwa tundu na mikwaruzo kila mara, na kitafutio nacho hufunikwa. Jambo hili lina tarehe: mnamo 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu kuanzia Afrika Kaskazini hadi Yemeni na pembe ya Somalia, na Kenya tutaliona likipatwa kwa sehemu. Kupatwa kwa sehemu hakuna hata dakika moja ya kuangalia bila kinga.

Hoja ya macho mawili

Wanaosema darubini ya macho mawili inunuliwe kwanza wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa, na Buyangu huizidisha uzito. Waongozaji wa hapo tayari hubeba 8x42 au 10x42 kwa ajili ya ndege. Chombo hichohicho usiku huonyesha Kilimia kizima, nebula ya Orion, miezi ya Mshtarii ukiegemea mti, na mashimo ya mwezi. Zilizofungwa vizuri na kujazwa gesi ya nitrojeni haziingiwi na umande ndani wala kuvu. Hazina lenzi ya kubadilisha wala cha kurekebisha. Kasoro ni mbili tu, lakini kubwa: haziwezi kuonyesha pete za Zohali, na mtu mmoja hawezi kumwonyesha mwenzake anachokitazama. Kwa mtu peke yake hilo halina shida. Kwa klabu ya shule ni pengo lisilozibika.

Nani anunue nini

Nikipima haya yote, naona mizani inaelemea upande wa kambi ya pili, kwa marekebisho. Klabu ya shule yenye darubini ya milimita 130 ianze na Plössl ya milimita 30 au 32, na moja ya karibu 10, kwa utaratibu huo wa umuhimu. Barlow ije ya tatu, hasa kukiwa na wavaa miwani. Fedha zinazobaki ziende kwenye kikofia cha umande, ndoo ya silika na kitafutio cha pembe mraba kabla ya lenzi yoyote nyingine. Wakipata mfadhili, lenzi moja ya nyuzi 68 hadi 82, kati ya milimita 6 na 9, ndiyo itakayofupisha foleni.

Mwongoza watalii ana hesabu tofauti. Muda wake na wageni ni saa moja, na wageni wanataka kuona vitu vitano bila kungoja. Kwake zumu inastahili bei yake, mradi awe na lenzi moja pana ya ukuzaji mdogo kando yake, na kishikio cha simu, kwa sababu mgeni akiondoka na picha ya mwezi kwenye simu yake ataleta mwingine. Tochi iwe yenye mwanga mwekundu, kwa ajili ya macho ya wageni na ya wanyama wa usiku. Leza ya kijani ya kuonyeshea nyota ninaipinga ndani ya hifadhi: ni hatari kwa macho na kwa marubani, na kidole pamoja na maelezo mazuri hufanya kazi ileile.

Mtu wa nyumbani asiye na hakika kama hamu yake itadumu anunue darubini ya macho mawili ya 10x50 au ya ndege, aitumie kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, kisha ndipo aulize kuhusu lenzi. Aliyekwisha kununua mrija wa 525 naye asiutupe. Atoe lenzi ya milimita 4 na Barlow ya mara tatu, aweke ya milimita 20, akaze miguu ya tripodi na kuning'iniza mfuko wa mawe katikati yake. Kwa ukuzaji wa 35, mrija huo una mwanga wa kutosha kumwonyesha pete za Zohali, japo ndogo.